Marehemu Fermín Ustarroz na Makala Yake Moja

Ndugu, majirani, maprofesa mliotoka mbali, na ninyi wa hapa Tandil mliofunga maduka Jumamosi asubuhi, jambo msilomfanyia kila mtu: huyu tunayemzika leo, tarehe 14 Septemba 2019, aliishi miaka sabini na minane na kwa ajili yake mwenyewe alitaka kitu kimoja tu. Alitaka makala yake moja ichapishwe katika jarida alilolilea miaka thelathini na minne. Nyumba, gari, cheo, hata suruali mpya, vyote hivyo vilitakwa na mkewe kwa niaba yake. Mengine ya maisha yake yatasemwa kwa utaratibu, lakini hilo lishikeni tangu sasa, maana ndiko tunakoelekea.

Fermín alizaliwa tarehe 7 Julai 1941, siku ya Mtakatifu Fermín, kwa hiyo suala la jina halikuwasumbua wazazi. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, nje kidogo ya Gardey. Baba yake alikuwa Martín Ustarroz, Mbaski wa maneno machache, na mama yake Catalina Arrieta, aliyeongea kwa niaba ya wote wawili. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Neno lake la kwanza hakuna anayelikumbuka, ila la pili hakuna aliyelisahau: "Umejuaje?" Baba akisema kesho mvua, mtoto anauliza umejuaje. Mama akisema ng'ombe huyu ana mimba, umejuaje. Padre alipokuja kufundisha katekisimu akasema malaika hawana mwili, Fermín akanyoosha mkono, na Catalina aliyekuwa nyuma ya mlango akaingia na mwiko kabla swali halijatoka.

"Mwache mtoto aulize, mama," padre akasema.

"Wewe padre unaondoka saa kumi. Mimi ndiye ninayeishi naye."

Alisoma shule ya msingi Gardey na sekondari hapa Tandil, akilala kwa shangazi yake aliyemlisha vizuri na kumkemea vizuri zaidi. Mwaka 1959 alikwenda chuo kikuu La Plata, akahitimu 1964. Wenzake walikimbilia Ulaya. Yeye alirudi hapa, na aliyemrudisha ni mtu mmoja, Doña Ilona Szántay. Mama huyo alifika kutoka Hungaria kabla ya vita akiwa na sanduku moja na ulimi wa wembe. Mwaka 1951, katika chumba kilicho juu ya duka la mikate la La Espiga, alianzisha *Anales de la Sierra*, jarida la hisabati tupu. Hisabati tupu, kwa sisi tulioishia shule ya msingi, ni ile isiyopima shamba wala kujenga daraja. Inataka kujua tu kama jambo ni kweli, na ikishajua inakwenda kulala. Msicheke. Kuanzia Kyoto hadi Warsaw maprofesa waliomba kuingia katika jarida lile kama watu wanavyoomba kuingia mbinguni, na wengi waliachwa nje vilevile. Nakala zilifika huko zikiwa na harufu ya mkate.

"Ukifanya vizuri sitasema kitu," Doña Ilona alimwambia siku ya kwanza. "Ukikosea, utanisikia ukiwa barabarani."

Mwaka 1969 alipata udaktari chini yake. Doña Ilona hakusema kitu. Fermín alishuka ngazi akilia kwa furaha.

Mwaka huohuo aliingia kwenye duka la jibini la mzee Madsen, yule Mdenmarki, akamkuta binti wa mwenye duka, Delfina, akigonga jibini kubwa kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Hili limeiva," Delfina akasema.

"Umejuaje?"

Wateja wengine huliuliza swali hilo kwa dharau. Huyu aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Delfina akamshika mkono, akamgongesha jibini moja bichi, kisha moja lililoiva, kisha moja lililokaribia. Alirudi kesho yake. Alirudi wiki nzima. Mzee Madsen akamwambia binti yake, "Mtu anayenunua kilo ya jibini kila siku, ama ana hoteli ama anakutaka wewe. Na hoteli hana." Walifunga ndoa tarehe 21 Machi 1970. Bwana harusi alichelewa kanisani kwa sababu alikuwa akisahihisha kurasa za mwisho za toleo la vuli. Alipofika, Delfina akamwangalia mikono. "Wino?" "Wino." "Afadhali." Mwaka 1974 wakampata Inés, ambaye leo ni daktari wa mifugo, na 1977 Tomás, mwenye lile duka la jibini sasa.

Doña Ilona alifariki Februari 1984, na tarehe 1 Machi Fermín akakalia kiti chake. Kazi ya mhariri ni hivi. Makala inafika. Mhariri anaipeleka kwa msomaji anayeyajua mambo hayo, na mwandishi haambiwi kamwe ni nani anayemsoma. Msomaji anakwenda mstari kwa mstari, mwaka mzima, pengine miwili, halipwi hata kikombe cha kahawa, kisha anasema ndiyo au hapana. Katika makala kumi, tisa zilirudishwa. Jina la msomaji linabaki kwa mhariri na kwa Mungu, na Fermín alisema Mungu mwenyewe hakuwahi kuuliza.

Doña Ilona aliacha sheria mbili. Ya kwanza: neno "ni dhahiri" ni marufuku. Wanahisabati wana tabia, wakifika mahali pagumu wanaandika "ni dhahiri kwamba", wanapita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka linalomdai. Fermín alikuwa akisema neno hilo ni zulia. Linyanyue uone kilichofagiliwa chini yake. Aliyeandika "ni dhahiri" alitozwa faini ya dazeni ya facturas, vile vikate vitamu vya La Espiga, na vililiwa na wote waliokuwepo chumbani. Kuna miaka jarida zima liliishi kwa faini.

Sheria ya pili: aliyekalia kiti cha mhariri haandiki humo. Hata ukurasa.

Na hapo ndipo penye mgogoro, maana kiangazi cha 1987 Fermín alipata wazo. Lilihusu umbo fulani ambalo hakuna aliyewahi kuliona wala atakayeliona, na kama linaweza kukunjuliwa lote bila kukatwa popote. Aliliandika kwenye karatasi za kufungia jibini, akalirudia, akalipanua, mpaka watoto walijua karatasi yenye herufi haifungiwi kitu. Angeweza kulipeleka Paris, na Paris wangelipokea wakifurahi. Hakutaka Paris. Alitaka hapa, juu ya duka la mikate.

"Si uliweke tu kwenye jarida lako," Delfina akamwambia.

"Kuna sheria."

"Sheria ya nani? Ilona amekufa."

"Ndiyo maana siwezi kumwomba ruhusa."

"Basi ondoka kwenye kiti, mpe mwingine, upeleke makala."

"Jarida kwanza litulie," akasema. Mwaka ule lilikuwa halina karatasi. Mwaka uliofuata halikuwa na mchapaji. Baadaye pesa zetu zikageuka makaratasi ya kuwashia moto wa nyama. Kila mwaka jarida lilikuwa na homa yake, na kila mwaka Fermín alikuwa muuguzi. Wazo likabaki kabatini chini ya mashuka.

Huwezi kusema kiti hicho hakikumgharimu. Mwaka 1991 Osvaldo Brandoni wa Bahía Blanca, rafiki yake tangu La Plata na baba wa ubatizo wa Inés, alirudishiwa makala. Alipanda zile ngazi akihema.

"Niambie ni nani aliyenisoma."

"Siwezi, Osvaldo."

"Mimi ndiye niliyemshika binti yako kwenye maji ya ubatizo!"

"Na ulimshika vizuri. Makala ndiyo yenye kasoro."

"Ni wewe, sivyo? Umenisoma wewe mwenyewe, mnafiki mkubwa!"

"Kaa ule jibini."

"Jibini peleka kuzimu! Nataka jina!"

Alikula jibini, akaondoka bila jina, na kwa miaka mitatu hakupiga simu hata Krismasi. Inés alipata kipaimara baba yake wa ubatizo hayupo, na Fermín usiku na mchana alitembea na maumivu hayo bila kufungua mdomo. Siku Osvaldo aliporudi alikuja amebeba dazeni ya facturas. Kasoro alikuwa ameiona mwenyewe, na ilikuwa palepale, baada ya "ni dhahiri". Walikumbatiana, wakala zote, wakaumwa tumbo pamoja.

Machi 2018 madaktari walimwambia mapafu yake yanakuwa magumu kama ngozi ya viatu na hakuna dawa ya kuyalainisha. Alisikiliza, akauliza daktari amejuaje, akaonyeshwa picha, akaridhika. Ijumaa tarehe 29 Juni alimkabidhi kiti Graciela Pomar, aliyekuwa mwanafunzi wake. Jumatatu tarehe 2 Julai alipanda tena zile ngazi, akipumzika kila baada ya tatu, na karatasi zake zilizopigwa chapa safi kwapani.

"Profesa! Ungenipigia simu nije mwenyewe. Kaa, kaa hapa."

"Usinipe kiti, binti. Mwandishi hapewi kiti. Umewahi kuniona nikimpa mwandishi kiti?"

"Ulikuwa ukiwapa jibini."

"Baada ya kuwakataa."

Makala ile, tuelewane, duniani wako watu saba wanaoweza kuisoma mwanzo hadi mwisho wakaelewa, na mmoja wao alikuwa mwandishi mwenyewe. Wamebaki sita. Graciela alimpelekea mmoja. Yupi, anajua Graciela.

Inés, ambaye kila siku anawaambia watu ukweli kuhusu mbwa wao, huu wa baba yake ulimshinda. Alimwendea Graciela. "Baba hana miaka miwili. Pengine hana hata mmoja. Mwambie huyo msomaji afanye haraka. Au aseme ndiyo, basi. Nani ataumia?" Graciela akasema atafikiria, na kauli hiyo ilielekea kwenye kukubali. Habari zikamfikia mzee. Akawaita wote wawili jikoni, mirija ya oksijeni puani, na wale waliomjua wanasema hawajawahi kumwona amekasirika hivyo, hata siku askari mmoja wa zamani zile za utawala wa kijeshi alipokanyaga kurasa zake.

"Mkiipitisha kwa huruma," akasema, "mtakuwa hamjachapisha hisabati. Mtakuwa mmechapisha rambirambi."

"Baba, ni makala moja!"

"Ndiyo. Moja. Ndiyo maana."

Ikasomwa kama zote. Mwaka ule wa kungoja, wanne kati ya wale sita walikuja kumjulia hali kwa nyakati tofauti, na Delfina akawafanyia uchunguzi wake. Anamkatia mgeni jibini kali la miezi kumi na minane, anakaa mbele yake, anamkodolea macho. "Unasoma nini siku hizi?" Mama mmoja wa Montevideo alipaliwa. Wa Córdoba akaangusha kisu. Osvaldo alikula vipande vitano na kusifia hali ya hewa, na Delfina akamshuku yeye kuliko wote.

"Ni Osvaldo," akamwambia mumewe. "Analipiza ya tisini na moja. Nitamuuliza."

"Ukimuuliza, Delfina, nakufa leo, tena kwa makusudi."

Hakuuliza. Kwa mwanamke yule, hiyo ni sadaka kubwa kuliko ya kanisani.

Jibu lilikuja Jumatano tarehe 12 Juni mwaka huu. Graciela alilileta mwenyewe, macho mekundu, akabaki amesimama mlangoni pa jikoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Birika la yerba, ile chai yetu chungu ya kibuyuni, lilikuwa motoni. Inés alikuwepo, Tomás alikuwepo.

"Sema," Fermín akasema.

"Profesa..."

"Mimi nimewaambia waandishi mia kadhaa. Sema."

"Hapana. Msomaji anasema hapana. Ukurasa wa ishirini na tatu. Umeandika 'ni dhahiri kwamba' kisha ukaendelea. Anasema..." Graciela akafuta pua. "Anasema si dhahiri. Na anaonyesha kwamba wala si kweli."

Inés akasimama, akamwonyesha Graciela mlango kwa kidole. Mzee akanyoosha mkono, si kwa binti yake, kwa karatasi. Akaomba miwani. Akasoma. Birika likachemka, likaanza kufoka, hakuna aliyelitoa. Alisoma ukurasa wake wa ishirini na tatu, akasoma ya msomaji, akarudi kwenye wake. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Delfina akaja mbio akidhani ndiyo mwisho.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mrija ukamtoka puani, Tomás akaurudisha, ukatoka tena.

"Nimeliandika mimi? Mimi? Kwa mkono wangu huu?"

"Fermín, pumua."

"Hadi ukurasa wa ishirini na tatu, Delfina! Huyu mtu kasoma! Kasoma kila mstari, kanyanyua zulia! Tomás, nenda La Espiga ulete dazeni. Faini yangu hiyo. Hapana, dazeni mbili. Kosa la mhariri ni mara mbili."

Delfina ndiye aliyelia, tena kwa hasira. "Zaidi ya miaka thelathini! Karatasi zangu zote za jibini! Halafu unacheka?"

Mumewe akamshika kile kifundo cha kidole anachogongea jibini. "Wangekubali," akasema, "ningekufa nikijiuliza kama walinihurumia. Usiku wote ningejiuliza, wamejuaje? Sasa sina swali. Nimeondoka kwenye kiti, na jarida linaweza kunikataa mimi. Ilona angeshuka leo, asingesema kitu."

Wakala facturas. Graciela, aliyekuja kama mfiwa, aliondoka na sukari kidevuni.

Miezi iliyobaki alijaribu kuziba lile tundu. Hakuweza, na hilo nalo aliliona zuri, kwamba bado kuna kitu kinachomshinda. Graciela alitaka kulichapisha kama swali lenye jina la mzee. Akakataa. "Jarida letu halichapishi maswali ya wagonjwa. Akitokea wa kuliziba, alete makala, asomwe kama watu."

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 10 Septemba, asubuhi, madirisha wazi, baada ya nusu kibuyu cha yerba aliyolalamika kuwa imepoa. Juma moja kabla, Delfina alimuuliza: "Huyo msomaji wako nitamshukuruje, nami simjui?" Naye akajibu: "Humjui, basi washukuru wote sita. Waambie wanibebe. Na usiwakodolee macho."

Mwenye kampuni ya mazishi alitaka azikwe Alhamisi. Delfina akamwambia: "Mume wangu alingoja jibu karibu mwaka mzima bila kunung'unika. Na wewe utangoja ndege." Amengoja. Wamefika wote: mama wa Montevideo, bwana wa Córdoba, wa Recife, wa Warsaw, yule wa Kyoto aliyesafiri siku mbili na bado kanyoosha shati kuliko sisi wote, na Osvaldo. Mtawaona muda si mrefu, watatu huku na watatu kule. Mmoja wao ndiye aliyemkatalia rafiki yake anayekufa kitu pekee alichokitaka, kwa kuwa hakikuwa kweli. Familia haitaki jina lake. Inamwambia asante, na inawaomba wote sita washike vizuri pale kwenye mteremko wa lango, mawe yanateleza.

Marehemu ameacha mjane, Delfina Madsen. Watoto wawili, Inés na Tomás. Wajukuu watatu, Bruno, Celina na Maite, huyu wa mwisho ana miaka minne na ameshaanza kuuliza mmejuaje. Dada yake Pilar, wa Gardey. Graciela, ambaye si wa damu lakini jaribuni kumwambia hivyo. Na jarida moja, lenye afya, toleo la majira ya kuchipua liko kwa mchapaji. Jina lake limo ndani, kwenye ukurasa wa mbele, mahali pa wahariri wa zamani. Makala yake haimo.

Baada ya maziko wote mnakaribishwa juu ya La Espiga. Jibini lipo. Kwamba Fermín Ustarroz sasa anapumzika kwa amani ni dhahiri, na kwa neno hilo familia imeshalipa dazeni mbili.